Mkwe Tusiyemjua Kwao

Wako watu wanaosoma magazeti, na yuko fundi wetu wa makochi, ambaye alisoma makochi. Ukimpelekea kochi lililochoka hakukuuliza lina miaka mingapi. Alilipindua miguu juu, akachana kitambaa cha chini, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, halafu akaanza kukupa habari za nyumba yako. Mzee wa nyumba hukaa upande huu wa kulia, na kiuno kinamsumbua. Hapa palikuwa na mtoto mkojozi, sasa ameacha. Na huyu anayelala hapa siku hizi si mgeni, ni mwenye nyumba mwenyewe, mmegombana chumbani. Wateja wengi walicheka, wachache walinuna, na mmoja alibeba kochi lake akaondoka nalo likiwa limepasuliwa tumbo. Ndipo wakambandika jina la Mpelelezi, naye akalipenda kuliko lile alilopewa na baba yake.

"Kitu kilichochakaa hakinifichi siri," alizoea kusema, huku misumari midogo ameibana kwenye midomo. Mara nyingi alikuwa sahihi. Shida ni kwamba siku aliyokosea alikuwepo mtu mmoja tu wa kumwambia, naye fundi hakumsikiliza mtu huyo.

Mtu huyo alikuwa mama yake. Waliishi wawili tu, yeye akiwa amevuka miaka hamsini bila mke, katika nyumba yenye karakana upande wa barabarani na uwanja mpana upande wa nyuma. Vumbi la sponji liliwafuata mpaka kwenye chai. Mama alikuwa na nyonga mbovu na alitembea kwa mkongojo ambao mwanawe aliuchonga kutoka kwenye mguu wa kitanda cha zamani. Chini aliuvalisha kipande cha mpira, ule unaowekwa kwenye miguu ya makochi yasikwaruze sakafu. Miguu ndiyo iliyohitaji mkongojo. Ulimi ulikwenda wenyewe.

Farasi aliingia katika nyumba hiyo kwa mkono wa daktari wa mifugo. Daktari alikuja kuchukua viti vyake akiwa amekunja uso, na alipoulizwa kulikoni akasema kwamba kwenye machimbo ya kokoto nje ya mji ameokotwa farasi jike, mifupa mitupu, hana mwenyewe, na yeye ndiye aliyetumwa kumchoma sindano ya kummaliza. "Kazi hii nimeifanya mara nyingi," alisema, "lakini huyu ananitazama." Mpelelezi aliweka nyundo chini, akafunga duka mchana kweupe, akaenda. Alirudi jua linazama, anamvuta farasi kwa kamba, hatua kumi wanapumzika, hatua kumi wanapumzika.

Mama yake alikuwa dirishani.

"Miaka yote nakuambia lete mke," alisema. "Haya, umeleta. Ana miguu minne, lakini kwa umri wako huu hatuchagui."

Kuanzia hapo farasi akawa Mkwe, na hakuna aliyemtafutia jina lingine.

Mpelelezi alimsoma kama alivyosoma makochi. Ubavuni aliona makovu marefu membamba, matano upande mmoja na matatu upande wa pili. Magoti ya mbele hayakuwa na nywele hata moja, na ngozi yake ilikuwa ngumu kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Mgongoni alikuwa bado amefungwa tandiko dogo la kitambaa na ngozi, lililooza kwa jasho na mvua. Hayo aliyaweka akilini, akasubiri. Wiki ya pili jirani alipita nje ya uzio ameshika fimbo ya kuswagia mbuzi wake. Farasi alipoiona fimbo aliinamisha shingo. Miguu ya mbele ikaanza kukunjika, mwili mzima unatetemeka, mpaka magoti yakagusa ardhi.

Basi. Kwa Mpelelezi kesi ilikuwa imekwisha. Makovu yale ni ya fimbo. Magoti yale ni ya kuanguka chini ya mizigo. Na huku kupiga magoti ni kuomba asipigwe tena. Alilia palepale uwanjani, yeye ambaye hakulia hata alipomzika baba yake. Kisha akalichukua lile tandiko, alilokuwa amelivua siku ya kwanza, akalirusha darini kwa kinyaa, kama mtu anayetupa panya. Alikuwa mtu wa kuchana kila kitu kilichoshonwa, ila hicho hakukichana.

Ikapita amri: hakuna fimbo wala chochote kinachofanana na fimbo. Fagio la mpini mrefu lilihamia kwa jirani. Mteja mwenye mwavuli aliuacha mlangoni hata kama mvua ilikuwa inamwagika. Na mkongojo wa mama haukuruhusiwa kuvuka mlango wa nyuma.

"Mama, wewe mtazame kutoka dirishani," alimwambia. "Akizoea nitakuita."

"Tangu lini mkwe akasalimiwa dirishani?"

"Basi nikubebe."

"Mimi nimekubeba tumboni, nikakubeba mgongoni. Leo unibebe kama gunia la pamba, majirani wanatazama? Sitaki."

"Basi subiri kidogo tu."

Kidogo hicho kikawa miaka mitatu.

Tusimwonee, alimpenda yule farasi kwa moyo wake wote. Alimchana manyoya kwa brashi ya kusafishia mahameli. Alimshonea blanketi lenye bitana. Farasi akanenepa, akang'aa, akajifunza kutumbukiza pua kwenye mfuko wa aproni ya fundi kutafuta karoti, akakutana na misumari, akapiga chafya. Mama naye hakukosa kutuma bakuli la maganda ya mboga kila asubuhi. "Mpelekee Mkwe," alisema, "na umwambie yametoka kwa nani." Mpelelezi alipeleka bakuli. Kusema yametoka kwa nani alisahau, siku zote.

Sasa nifike kwenye siku ile ambayo yeye mwenyewe asingependa niitaje. Ilikuwa adhuhuri, amekwenda kumfikishia mteja kochi la watu watatu. Aliporudi alikuta mlango wa nyuma uko wazi. Mama yake alikuwa katikati ya uwanja, kanga imemteleza begani, anausogeza mkongojo wake, anasimama, anausogeza tena. Mbele yake farasi alikuwa amepiga magoti, anatetemeka.

Mpelelezi hakukumbuka baadaye alivuka uwanja vipi. Alimnyang'anya mama yake mkongojo. Alimnyang'anya kwa nguvu, mpaka mama akayumba, na kama pasingekuwa na ndoo iliyogeuzwa chini juu angekaa mavumbini.

"Nimekukataza mara ngapi? Unataka kumuua?"

Mama alikuwa anahema. Hakumtazama mwanawe, alimtazama farasi. "Mwanangu, huyu haogopi."

"Haogopi na anatetemeka hivyo?"

"Tazama masikio yake. Yako mbele. Mtu anayeogopa hakutegei masikio. Huyu kuna kitu anangoja."

"Mama, hii kazi ya kusoma vitu nimeifanya miaka thelathini. Wewe umesoma nini?"

Ndivyo alivyosema. Mama aliomba mkono tu ainuke, akarudi ndani, na hakuvuka tena mlango ule kwa miguu yake. Mkongojo Mpelelezi aliuegemeza mwenyewe nyuma ya mlango wa chumba cha mama. Maganda yaliendelea kuja kila asubuhi, ila bila ujumbe.

Tangu siku hiyo farasi alianza tabia mpya. Kila adhuhuri alikwenda kusimama katikati ya uwanja, ameuelekea mlango wa nyuma, na alisimama hivyo kwa muda mrefu. "Unaona?" Mpelelezi alimwambia daktari wa mifugo. "Anachunga, fimbo isije ikatokea tena." Daktari alitikisa kichwa. Alikuwa amekuja kwa ajili ya kwato, na mambo ya moyo hakuyasomea.

Mama aliugua mapafu miezi mitano baadaye. Kitanda kilisogezwa karibu na dirisha. Siku moja, sauti imebaki nyembamba, alimwita mwanawe akae.

"Umeoa mke tusiyemjua kwao," alisema, na midomo ikajaribu kucheka. "Mimi sijawahi kuona. Nenda kaulize kwao ni wapi. Labda kuna mtu anamlilia."

"Aliyempiga vile hawezi kumlilia, mama."

"Kaulize tu. Si umesema wewe ni mpelelezi?"

Alimwahidi. Mama alifariki wiki hiyohiyo, bila kumgusa Mkwe hata mara moja.

Baada ya mazishi nyumba ilinyamaza vibaya. Mpelelezi alikuwa akikata kitambaa, anasimama, anasikiliza, anakumbuka. Na kilichomtafuna hakikuwa msiba peke yake. Kilikuwa jinsi mkono wa mama ulivyofunguka alipochomoa mkongojo. Alijitetea moyoni mchana kutwa: nilimkinga mnyama aliyeteswa, nisingefanya lingine. Kama mtesaji yupo, basi mama hakunyimwa bure. Alihitaji mtesaji huyo awepo. Alitaka amwone kwa macho, amjue jina, amtemee maneno yote aliyoyaweka miaka mitatu, kisha arudi nyumbani alale. Ndiyo maana hasa alianza kutafuta, ingawa kwa watu alisema anatimiza ahadi.

Alikuwa na kitu kimoja tu cha kuanzia. Alipanda darini, akalishusha tandiko, akalipangusa vumbi, akaliweka kwenye meza ya kazi. Kisha akafanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo, akachukua kisu chake kidogo akalichana.

Ndani hapakuwa na majani makavu wala matambara ya takataka. Palikuwa na blanketi la sufu, limekatwa vipande na kupangwa tabaka tabaka, nene katikati na jembamba pembeni, kama yeye mwenyewe apangavyo sponji ya kiti cha mgonjwa. Sehemu inayokaa juu ya mabega, ambako ngozi ya farasi huchubuka haraka, ilikuwa imewekwa kipande cha ngozi laini, ile ya ndani ya viatu vya watoto wachanga. Na mishono yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ilikuwa imegeuzwa nje, ili hata fundo moja la uzi lisimguse mnyama. Kugeuza mshono hivyo ni kazi mara mbili. Hakuna anayelipia kazi hiyo. Mtu huifanya kwa sababu anamfikiria atakayeivaa.

Mpelelezi alikaa chini. "Labda aliiba," alisema kwa sauti, peke yake karakanani. Hata masikioni mwake mwenyewe haikuingia.

Uzi ulikuwa wa kushonea viatu, umepakwa nta. Basi alilifunga tandiko nyuma ya baiskeli, akaanza kuwazungukia mafundi viatu. Wa kwanza hakujua. Wa pili alidhani anataka litengenezwe. Wa tatu alikuwa mzee mwenye kibanda cha bati kando ya soko, miwani imefungwa kwa uzi. Huyo alilishika tandiko, akapitisha kidole gumba kwenye mshono polepole, akahesabu kwa midomo, akaacha kutafuna alichokuwa anatafuna.

"Kila baada ya hatua saba za sindano anarudi nyuma mara mbili," alisema. "Huu ni mkono wa mwalimu wangu. Mimi alinifundisha hivihivi, nikikosea ananifumulisha. Umelipata wapi?"

"Yuko wapi huyo mwalimu?"

"Chini ya udongo, ndugu yangu. Mwaka wa nne huu."

Mtu ambaye Mpelelezi alitaka kumtukana hayupo. "Alikuwa na farasi?"

"Alikuwa na mguu mmoja mzima, na huyo farasi ndiye mguu wa pili. Alikuwa anapita mitaa yote juu ya mgongo wake, anakusanya viatu vibovu, jioni anavirudisha vizima."

"Alikuwa anampiga?"

Mzee alivua miwani, akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama mama yake alikuwa mwizi. "Nenda kwa dada yake," alisema. "Kule wanakochoma matofali, nyumba ya mlango wa buluu. Mimi sina la kukujibu."

Dada wa marehemu alikuwa mwanamke wa miaka sabini hivi, anaanika nguo. Mpelelezi alipiga hodi, akamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Kisha akaliona tandiko kwenye baiskeli. Nguo aliyokuwa ameishika haikufika kwenye kamba. "Yuko hai?" aliuliza.

"Yuko hai, mama. Amenenepa."

Bibi alijifunika uso kwa ile nguo iliyolowa maji, akakaa kwenye kizingiti, akalia bila haya mbele ya mgeni. Mpelelezi alisimama akishikilia baiskeli. Alikuwa amekuja na maneno makali, sasa hakujua ayaweke wapi.

"Ana makovu ubavuni," alisema hatimaye.

"Seng'enge. Siku tulipomzika kaka tulimfungia farasi bandani. Alivunja mlango, akapita kwenye seng'enge ya jirani, anafuata jeneza."

"Na magoti?"

"Magoti ni ya kaka." Bibi alipangusa pua. "Mguu wake ulikuwa umekufa tangu utotoni, hakuweza kupanda. Basi alimfundisha kushuka. Kidogo kidogo, hakumpiga hata kofi. Akiuona mkongojo wa kaka tu, anajua safari imefika, anapiga magoti, anangoja. Mara nne, mara tano kwa siku, miaka kumi na mmoja."

"Anatetemeka, mama. Akiona fimbo anatetemeka."

"Yanamuuma. Hata wakati ule yalikuwa yanamuuma. Mwishoni kaka alimhurumia, akawa anatafuta jiwe la kukanyagia. Lakini Soli ni mbishi, akiuona mkongojo anashuka tu."

"Soli?"

"Ndilo jina lake. Kaka alisema hii ndiyo soli yangu, bila yeye nakanyaga chini."

Bibi alieleza yaliyobaki bila kuulizwa. Wazee wa mtaa walikuja kutoa pole, kila mzee na mkongojo wake. Farasi aliona mkongojo, akashuka, akamnusa mzee, akakuta siye, akainuka. Akaja mwingine, akashuka tena. Siku nane hivyo. Kisha akaacha kula, majani yanawekwa, yanaondolewa. "Sikuweza kutazama," alisema. "Nilimfungua mwenyewe, hata tandiko sikulivua, nikamwelekeza njia ya machimbo, nikarudi nikafunga mlango. Nilisema akienda mbali atasahau. Kama umekuja kunihukumu, mwanangu, nihukumu."

Mpelelezi hakuwa na mtu wa kumhukumu pale. Alitafuta ndani ya kifua chake ile hasira ya miaka mitatu, akakuta imegeuka inamtazama yeye.

"Kwa hiyo hakuwahi kuogopa fimbo," alisema. Hakuwa anauliza tena.

"Aogope? Mkongojo kwake ulikuwa salamu. Mbona unalia, baba? Kuna nini?"

Mpelelezi alimwachia tandiko, akaahidi kumleta Soli amwone, akaondoka akiikokota baiskeli, kwa sababu njia hakuiona vizuri kiasi cha kuweza kupanda.

Alifika nyumbani adhuhuri. Hakufungua karakana. Aliingia chumbani kwa mama, akasogeza mlango, na mkongojo ulikuwa palepale alipouegemeza kwa mkono wake mwenyewe, mpira wa kochi umefanya duara la vumbi sakafuni. Mpini uling'aa kwa kushikwa. Aliuchukua, akatoka nao kwa mlango wa nyuma.

Farasi alikuwa katikati ya uwanja, mahali pake pa kila adhuhuri.

"Soli," Mpelelezi aliita.

Kichwa kilinyanyuka. Kisha akauona mkongojo, na masikio yote mawili yakaja mbele, kama mama alivyosema. Aliinamisha shingo, akakunja miguu inayotetemeka, akashuka mpaka magoti yakagusa chini, akampa ubavu wake wa kushoto na kungoja.

Mpelelezi alikaribia. Farasi alinusa mpini, akaunusa kwa muda mrefu pale palipokuwa na mkono wa mama. Halafu akamnusa yeye, ambaye alimjua vizuri, akageuza kichwa kumtafuta mwingine.

Ile ndoo ilikuwa bado uwanjani. Alikaa juu yake, mkongojo magotini, akalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. "Mama," alisema, "Mkwe anakusalimia. Nilikosea, mama. Ulisoma wewe." Alimshika farasi shingoni, akamsihi ainuke, magoti yanauma, inuka, hakuna safari. Soli hakuinuka. Masikio yalikuwa mbele, anautazama mlango wa nyuma ambao Mpelelezi alikuwa ameuacha wazi.